Kulipa Matanga: Nusu ya Methali Iliyosahauliwa

Ni methali chache za fedha zinazotamkwa kwa wepesi siku hizi kama ile isemayo kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye duka huibandika ukutani juu ya daftari la madeni, mzazi humtupia kijana aliyenunua simu kwa mkopo, mhamasishaji huipaza ukumbini kabla ya kuuza kitabu chake, na kila mmoja wao huikusudia kama katazo la neno moja: usikope. Matumizi hayo hayajakosea kabisa, kwa kuwa onyo limo ndani ya methali yenyewe, lakini yameifupisha mno hata roho yake ikatoka. Methali iliyotungwa kwa maneno manne, mawili ya fedha na mawili ya mikusanyiko ya watu, inasomwa kana kwamba mikusanyiko hiyo haimo, na nusu yake ya pili, ambayo ndiyo yenye elimu kwa mtu anayetaka kuacha tabia mbaya ya fedha, imebaki kuwa kitisho tu.

Kosa la kwanza la ufupisho huo ni la kimaadili kabla halijawa la kilugha. Methali inamsema mtu aliyepata harusi katika kukopa, yaani aliyeonja shangwe, akaonekana, akapigiwa vigelegele. Mama aliyekopa ili mtoto wake alazwe, mkulima aliyekopa mbegu baada ya mvua kukatika, na mlinzi ambaye mshahara wake umecheleweshwa miezi miwili akakopa unga kwa jirani, hawa hawakuwa na harusi yoyote. Walianza kwa matanga na wakaendelea nayo. Kumsomea mtu wa namna hiyo methali hii ni kumsingizia mfiwa kwamba alicheza ngoma asiyoicheza, na wanaofanya hivyo, wengi wao wakiwa hawajawahi kukosa chakula cha jioni, wanastahili kukemewa. Dhiki si tabia. Tabia, kama neno hilo linavyotumika hapa, ni tendo lililorudiwa mpaka likaacha kuhitaji uamuzi: kukopa kwa ajili ya sare ya kila sherehe, kuweka mkeka wa kubeti kila Jumamosi kwa fedha ya kodi ya nyumba, kumaliza mshahara katika wiki ya kwanza na kuziba wiki tatu zilizobaki kwa mkopo wa simu. Mwenye tabia hizo ndiye anayesemwa, na kwake yeye methali ina mengi kuliko kumwambia asikope, jambo ambalo analijua tayari.

Maana inayobishaniwa imo katika neno matanga. Wasomaji wengi wa siku hizi hulichukua kuwa sawa na msiba au kilio, na kwa hiyo huifasiri methali kwamba anayekopa hufurahi na anayelipa huhuzunika. Lau hiyo ndiyo maana yote, wahenga wangesema kukopa kicheko, kulipa kilio, na mlinganyo huo ungependeza hata sikioni. Hawakusema hivyo. Walichagua majina ya mikusanyiko miwili yenye wenyeji na wageni, yenye mapishi, mikeka, muda unaojulikana na siku ya kumalizika. Msiba humpata mtu, matanga hukaliwa. Lugha yenyewe inaishuhudia tofauti hiyo, kwa kuwa mtu hufikwa na msiba bila kuulizwa, lakini huweka matanga, hukaa matanga, na mwishowe huanua matanga, na vitenzi hivyo vyote ni vya shughuli inayofanywa na watu kwa utaratibu.

Asili ya neno inasaidia kuuona utaratibu huo. Edward Steere, aliyechapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliyataja pamoja matanga ya chombo cha baharini na kukaa matanga kwa maana ya maombolezo rasmi ya siku kadhaa. Tanga la zamani, kama lile la chombo kilichoitwa mtepe, lilikuwa mkeka mkubwa uliosukwa kwa majani, na si vigumu kuona jinsi kitu kinachotandazwa ili watu wakae au walale karibu na mfiwa kilivyoweza kuyapa maombolezo jina lake. Kuanua nako ni kuondoa kilichokuwa kimeanikwa au kutandazwa, kama nguo kambani au mpunga uliokuwa juani mawingu yakijikusanya. Anayesema "kulipa matanga", basi, hataji huzuni peke yake, bali anataja pia mkeka unaotandikwa, watu wanaouketia, na siku mkeka huo unapokunjwa.

Wapo wanaopinga usomaji huu, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wao husema kwamba methali ni ya mkopeshaji, si ya mkopaji. Kwamba aliyeitamka kwanza ni mtu aliyechoka kuona uso uliokuja kukopa ukitabasamu ukigeuka kuwa wa kununa siku ya kudaiwa, na kwa hiyo neno matanga halina undani wowote zaidi ya kueleza mnuno huo. Historia ya pwani inawapa nguvu, kwa sababu maisha ya huku yamejengwa juu ya mkopo kwa muda mrefu. Misafara ya karne ya 19 iliondoka Unguja kwa mali ya kukopa, na Tippu Tip mwenyewe, mfanyabiashara maarufu wa misafara hiyo, alipewa mtaji na tajiri Taria Topan. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliwekwa rahani kwa kiasi ambacho mwaka 1934 serikali ya wakati huo ililazimika kutunga amri ya kuzuia ardhi isiwatoke wenyewe kwa sababu ya madeni. Katika nchi kama hiyo, ambamo pia ilisemwa kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, si ajabu mkopeshaji kuwa na methali zake.

Hata hivyo, hoja hiyo ikikubaliwa yote, bado inaacha swali lisilojibiwa. Mwenye kulipa anarudishiwa heshima, anaondokewa na mzigo, anaweza tena kupita mbele ya duka bila kuinamisha kichwa. Kwa nini basi tendo hilo lifanane na maombolezo? Fedha iliyolipwa haikuwa yake, na kitu ambacho hakikuwa cha mtu hakimfii. Pakiwa na matanga lazima pawe na marehemu, na usomaji wa mkopeshaji hauwezi kumtaja marehemu huyo ni nani.

Marehemu ni yule mtu aliyekuwako harusini. Anayekopa kwa tabia hununua kitu, na pamoja na kitu hicho hujinunulia nafsi ya muda: mtu anayelipia meza nzima, mama asiyepitwa na sare, kijana ambaye marafiki humwita bosi. Nafsi hiyo huishi kwa fedha ya kesho, na siku ya kulipa ndiyo siku ya kuizika. Ndiyo maana wapo watu wenye fedha ya kutosha kulipa ambao hawalipi, na hupendelea kukopa kwingine ili walipe huku, hata riba ikiwala. Hawabanii shilingi, wanakataa maziko. Yeyote anayetafuta msukumo wa kubadilisha tabia yake ya fedha angefanya vyema kujiuliza kwanza ni nani atakayekufa akibadilika, na kama yuko tayari kumlilia, kwa sababu mtu huyo alipendwa kwa dhati.

Upo uhusiano mwingine kati ya mikusanyiko hii miwili ambao wasomaji wa pwani wataukumbuka. Katika ndoa ya Kiislamu mahari ni haki ya mke, na sehemu yake inaweza kuahirishwa kwa makubaliano. Ikiahirishwa huwa deni juu ya mume, na akifariki hajalipa hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Hapo maneno ya methali yanakuwa kweli neno kwa neno, deni lililofungwa siku ya harusi likilipwa wakati wa matanga. Haidaiwi hapa kwamba methali ilizaliwa katika jambo hilo. Inatosha kuona kwamba wenye lugha hii waliishi na deni lenye kuvuka umri mzima wa mtu bila aibu, kwa kuwa lilitamkwa mbele ya mashahidi na kila mmoja alijua kiasi chake. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Katazo la kukopa halimo. Deni lililokuwa likiogopwa ni lile lisilosemwa.

Zama hizi zimeondoa kusema huko. Zamani mkopaji alilazimika kumwendea mtu, akaketi, akauliza habari za watoto, akazunguka mbali kabla ya kufika kwenye shida yake, na uso umeumbwa na haya; mwendo huo peke yake uliwarudisha wengi nyumbani kabla hawajakopa. Huduma ya M-Shwari, ilipoanza nchini Kenya Novemba 2012, iliuweka mkopo ndani ya simu, ikitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Kiasi hicho huitwa ada, na neno hilo lina upole kupita kiasi, kwa sababu mtu anayekopa shilingi 10,000, akalipa na kukopa tena kila mwezi mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 9,000 kwa ajili ya kushika elfu kumi ileile. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayomalizia malipo pale salio lisipotosha na kujirudishia chake mara fedha inapoingia katika akaunti. Tanzania nayo ina huduma za mfano huo. Hazilaumiwi hapa kwa kuwapo, kwani zimewavusha watu wengi siku za dhiki. Kinachotazamwa ni namna zilivyoigeuza methali. Deni linaingia bila harusi, kwa kubonyeza tu, na linalipwa bila matanga, kwa kukatwa tu, na kwa kuwa hakuna aliyelia, hakuna aliyejifunza. Mtu aliyekatwa asubuhi hukopa tena jioni, na ukimwuliza amelipa madeni mangapi mwaka huu hatajua, ingawa amelipa mengi kuliko babu yake alivyolipa maisha yake yote. Malipo peke yake hayabadilishi tabia. Msemo wa kwamba dawa ya deni ni kulipa ni kweli kwa deni. Kwa mdaiwa, dawa ni matanga.

Hapa ndipo swali la msukumo linapofikiwa. Watu wa leo huuita hamasa, na huutafuta kama kitu kinachopaswa kumjia mtu kabla hajaanza: huhudhuria semina, husikiliza hotuba za dakika kumi alfajiri, huandika maazimio Januari, huwatangazia marafiki kwamba mwaka huu ni wa kuweka akiba. Yote hayo ni harusi. Anayetangaza azimio hupata sifa leo kwa tendo la kesho, akakopa fahari ambayo hajailipia, na vigelegele vinapokwisha anabaki na deni jipya juu ya yale ya zamani, deni la ahadi. Ndiyo sababu maazimio ya fedha huvunjwa na watu walewale wanaovunja bajeti, na kwa sababu ileile.

Kiswahili kina maneno mengine mawili yanayofaa zaidi. Nia ni uelekeo wa moyo unaoweza kudumu hata moyo ukiwa umechoka, na ndiyo maana ibada hufungwa kwa nia na haifungwi kwa hamasa. Ari ni bidii inayochanganyika na kuona aibu, ile inayomfanya mtu aseme kwamba jambo hili halifai kwa mtu kama yeye. Yote mawili hayangoji hisia nzuri. Mfiwa hatafuti msukumo wa kuzika. Maiti imo ndani, watu wanafika, kaburi linachimbwa, naye anainuka huku magoti hayana nguvu, na nguvu humjia akiwa njiani. Aliyewahi kufiwa anajua kwamba siku ile hakujiuliza kama anajisikia.

Lakini kuna sharti moja, nalo limo katika methali nyingine: kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Hakuna atakayetandika mkeka katika nyumba ambayo mwenyewe hajasema kwamba amefiwa, na mdaiwa kwa kawaida hasemi. Hubadilisha laini ya simu, hupita njia ya nyuma, humficha mkewe au mumewe, na katika kujificha huko tabia hunenepa. Wanaotoa mikopo ambayo Watanzania wameiita kausha damu wanaijua siri hiyo na wanaitumia. Baadhi ya programu za mikopo zilifika mpaka kuchukua majina yaliyohifadhiwa katika simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu na wakubwa wake wa kazi ujumbe wa kumfedhehesha, jambo ambalo kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zililipiga marufuku. Ubaya wa kitendo hicho unaeleweka vyema zaidi kwa lugha ya matanga: kilio kimeanzwa na mtu wa mbali, mfiwa akiwa bado amekaa kimya, na watu wanaokuja kwa mwito huo huja kutazama, hawaji kumhani. Fedheha na maombolezo huonekana kufanana kwa kuwa yote mawili hufanyika mbele za watu, lakini la kwanza humzidishia mtu sababu ya kujificha na la pili humwondolea.

Kuanza kilio, kwa mwenye deni la tabia, ni kutaja kiasi. Kusema "mambo ni magumu" hakutoshi, kwani hiyo ni salamu tu. Kinachotakiwa ni hesabu kamili, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi, isomwe mbele ya mtu mmoja au wawili wanaomheshimu vya kutosha ili wasimcheke na wanaomjua vya kutosha ili wasidanganywe. Hawa hawaitiwi fedha. Katika matanga rambirambi hutolewa, lakini thamani ya mgeni wa matanga ni kukaa, na mdaiwa anayewageuza wasikilizaji wake kuwa wakopeshaji wapya ameirudisha harusi kwa mlango wa nyuma. Jambo lingine ambalo matanga hulifanya, na ambalo washauri wa fedha hawalitilii maanani vya kutosha, ni kusimamisha desturi za nyumba. Mara nyingi jiko la mfiwa haliwashwi, majirani hupika, shughuli hufungwa, na kwa siku chache mtu huishi nje ya mazoea yake. Tabia ya fedha hukaa ndani ya mazoea: njia ya kurudi kutoka kazini inayopita penye baa, simu iliyo mkononi saa nne za usiku, kundi linalotuma kadi za michango. Asiyezigusa desturi hizo, akategemea kushindana nazo kwa moyo tu, anapigana akiwa peke yake na maadui walio nyumbani kwao.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinaonyesha kwamba maarifa haya hayajafa. Mfumo ulioenezwa na shirika la CARE tangu ulipoanza Niger mwaka 1991, na ambao Afrika Mashariki umekuwa jamaa wa vicoba, huweka fedha za wanachama katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti, na kila hisa na kila rejesho huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Uzuri wa kufuli hizo haumo katika kumzuia mwizi wa usiku, anayeweza kulibeba sanduku zima, bali katika kumfanya kila mmoja asiweze kukutana na fedha yake akiwa peke yake. Kibubu cha nyumbani hakina mashahidi, na ndiyo maana huvunjwa.

Lililobaki ni kuanua, na hili nalo limeharibika pande mbili. Wapo wasioanua: walikwisha kulipa zamani, lakini wamefanya umaskini wao kuwa utambulisho, hawanunui hata kinachohitajika, huwabania watoto hata madaftari ya shule, na kila anayetumia fedha mbele yao humwita mpotevu, hao wamekaa matanga mpaka yamekuwa nyumba. Wapo pia wanaoanua kwa harusi, ambao siku ya rejesho la mwisho huchukua mkopo mkubwa zaidi kwa kuwa sasa wanaaminika, na mkopeshaji huwapigia simu siku hiyohiyo kuwapongeza na kuwaambia kwamba kiwango chao kimepandishwa. Kuanua kwa haki hakuna sherehe. Mkeka hukunjwa, nyumba hufagiwa, mfiwa huenda sokoni kununua mahitaji ya siku moja, na watu humsalimu kama wanavyomsalimu mtu yeyote.

Katika mazishi mengi ya Waislamu wa pwani, watu wakiwa hawajatawanyika, ndugu mmoja wa marehemu husimama akasema kwamba yeyote anayemdai marehemu awaone warithi. Ni tangazo fupi, na husikilizwa kwa kimya. Anayetajwa hawezi tena kueleza ni kiasi gani, ni cha nani, wala kilinunua nini. Wenye madai huja siku zinazofuata, mmoja mmoja, na daftari zao au simu zao mkononi, na mjane, akiwa ndani ya eda yake ya miezi minne na siku kumi, huzisikia hesabu hizo kwa mara ya kwanza, na hana tena wa kumwuliza.